Safu Niliyoikunja

Wekesa mwanangu,

Umeenda kwa fundi kuchukua suruali, kisha utapitia kwa vijana wa kanisa wakuombee, na hao nawajua, wakishaanza hawamwachilii mtu upesi. Nina kama saa mbili. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na mlango nimeufunga kwa komeo, jambo ambalo sijawahi kulifanya mchana tangu tuhamie hapa Bungoma. Naogopa utaingia ghafla uniulize naandika nini, nami nitakudanganya. Kukudanganya nimezoea, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Mambo ya kula kwa wakati, kufua soksi na kutowaazima majirani wa ploti pasi yako sitayagusa. Shangazi yako Nafula ameshakuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma, na ukiipoteza atakuandikia nyingine. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka saba.

Kesho unaenda Kitale kuanza kazi kwenye kliniki ya Daktari Simiyu. Kazi yako ya kwanza, umeniambia mara tano wiki hii, ni kusimamisha seva mpya: ukurasa ambao wauguzi wataingia kuona rekodi za wagonjwa, wenye cheti cha usalama kinachojitafuta na kujiongezea muda chenyewe. Jana ulikuwa unanieleza hayo huku ukikata sukuma, na mimi nikisonga ugali huku nikipangusa macho. Ukaniuliza kama nina homa. Nikasema ni moshi, na sisi tunapika kwa gesi.

Unajua kwamba seva ya zamani pale niliiweka mimi. Ndiyo maana daktari hakukuhoji sana. Alikuambia, "Mtoto wa Mwalimu hawezi kutuangusha," ukarudi kunisimulia ukiwa umejaa fahari. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka uliponiita chai inapoa. Usichojua ni nilichokifanya katika kliniki ile, na nani alikibeba kwa niaba yangu.

Nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo pale mjini Kitale. Baba yako tulikuwa tumemzika miaka mitatu nyuma. Daktari Simiyu alikuja darasani kwangu na faili chini ya kwapa, akasema kliniki yake imechoka na makaratasi: wagonjwa wanangoja kadi zitafutwe, nyingine zimeliwa na panya. Alitaka rekodi zikae kwenye mashine moja, wauguzi wazifungue kutoka chumba chochote, na mtu wa nje asione hata herufi moja. Hilo la mwisho alilirudia. Alikuwa na wagonjwa wengi wa dawa za kila siku, zile ambazo watu wa mtaani wakijua unazimeza wanaacha kununua maandazi yako.

Niliijenga kwa Jumamosi mbili. Ya pili nilikuja nawe kwa kuwa hapakuwa na wa kukuachia. Ulikalia kiti cha mapokezi ukizunguka nacho mpaka Rehema, muuguzi wa zamu, akakuambia utatapika na atakayepangusa ni yeye. Nilikuwa nimenunua jina la tovuti, nikalielekeza kwenye anwani ya mashine yetu, nikaacha wazi milango miwili tu ya mtandao, wa themanini na wa mia nne arobaini na tatu, mingine yote nikaifunga. Kisha nikawasha programu ya seva. Mimi nilikuwa nimezoea vyeti vya kuomba na kungoja, vya kuwekwa kwa mkono na kusahauliwa mpaka viishe muda. Hii iliuliza jina la tovuti tu. Ikaenda yenyewe kwa wanaotoa vyeti, ikawathibitishia kwamba jina ni letu, ikarudi na cheti cha siku tisini, na ingekuwa inakifanya upya kabla hakijaisha bila kunisumbua. Kufuli dogo likatokea kando ya jina. Ukaacha kuzunguka, ukauliza hicho cheti kinasema nini. Nikakuambia kinasema kwamba ukurasa huu ni wenyewe kweli, na kwamba unachoandika hapa hakuna mtu wa katikati anayekisoma.

"Kumbe ni kitambulisho," ulisema.

Rehema akacheka hadi akaweka sinia ya dawa chini. Alikuwa mtu wa kucheka, Rehema. Alikaa na mama yake karibu na msikiti, na kila Ijumaa alituletea kaimati kwenye bakuli la plastiki. Nataka umkumbuke hivyo kabla sijaendelea, kwa sababu mimi kwa miaka saba nimejitahidi nisimkumbuke hivyo.

Kwa mwaka mzima cheti kilijifanya upya bila mimi kugusa kitu. Halafu ikafika Jumanne moja ya mvua. Stima ilikuwa imepotea usiku, iliporudi asubuhi Rehema akanipigia simu.

"Mwalimu, kompyuta ya mapokezi imekataa. Inasema ati ukurasa sio salama. Na watu wamejaa hapa, bana, mpaka nje."

Niliacha darasa nikakimbia. Nilikuta skrini imejaa onyo jekundu, na daktari amesimama nyuma ya kiti, mikono mfukoni.

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipoanza kuharibu. Seva ilikuwa nzima. Cheti kilikuwa na siku hamsini mbele yake. Kilichokuwa kibovu ni saa ya ile kompyuta ya mapokezi. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, stima ilipokatika ikasahau tarehe, ikaamka ikidhani tuko miaka kumi nyuma. Kwa hesabu yake cheti chetu kilikuwa bado hakijaanza kazi, kwa hiyo ikakikataa. Tarehe hiyo ya uongo ilikuwa pale pale kwenye kona ya skrini, chini kulia, na simu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningefungua ukurasa kwa simu ningeliona kufuli mahali pake, ningerekebisha saa, na ningerudi darasani kabla wanafunzi hawajamaliza kunakili ubaoni.

Lakini niliogopa. Nilimsikia daktari akipumua nyuma yangu na sikutaka ajue kwamba sijui. Nilitaka mikono yangu ionekane inafanya kitu. Nikaingia kwenye seva, nikafuta folda yote ya vyeti, nikaiwasha upya ijitafutie kingine. Ikakipata. Onyo likabaki pale pale. Nikafuta tena, nikawasha tena. Nilifanya hivyo mara tano, Wekesa, kila mara haraka kuliko ya kwanza. Mara ya sita watoa vyeti wakakataa: mmeomba vingi mno kwa jina hilo hilo, rudini baada ya wiki. Na vile vitano vizuri nilikuwa nimevifuta kwa mkono wangu. Sasa hata simu yangu ikaonyesha onyo.

Ile tarehe niliiona jioni nikifunga mkoba. Nikairekebisha kimya kimya na sikumwambia mtu.

Ukinisoma unasema mama alikuwa mjinga. Sawa, sema. Wewe una akili ya kujaribu kwanza upande wa majaribio wa watoa vyeti, ambako ukikosea hakuna anayekufungia mlango, na una akili ya kuhifadhi nakala ya folda kabla ya kuigusa. Nimekuona ukifanya. Lakini hata mimi hayo niliyajua. Nilikuwa nikiyafundisha, na siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimeyaandika ubaoni. Yalinitoka kichwani kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma ya kiti changu, na ninachokiogopa kwako ni mtu huyo. Atakuja. Anaweza kuwa daktari, anaweza kuwa mgonjwa mwenye mtoto anayelia. Siku hiyo toa mikono kwenye kibodi, ukae juu yake ikibidi, umwambie bado sijajua. Mimi maneno hayo mawili yalinishinda, na yote yaliyofuata yalitokana na hapo.

Tulikuwa na wiki nzima bila cheti. Nilichopaswa kufanya kilikuwa chepesi na cha aibu: kumwambia daktari nimekosea, tuizime seva, turudi kwenye karatasi siku saba. Badala yake niliiwekea cheti cha kujitengenezea mwenyewe, ambacho hakuna kompyuta inayokiamini, nikawaita wauguzi wote wanne kwenye chumba cha sindano. Nikawaonyesha: likija onyo, bonyeza haya maandishi madogo hapa chini, kisha bonyeza Endelea. Nikawafanya warudie mmoja mmoja kama darasani. Walinitii kwa sababu waliniita Mwalimu. Aliyesita ni Rehema.

"Na si hii inasema kuna mtu anaweza kuwa anatuibia?"

"Hiyo ni kelele ya mashine tu," nikamwambia. "Mimi nimesema iko sawa."

Akabonyeza. Nilimpigia makofi.

Intaneti ya kliniki ilitoka kwa saiba ya ghorofa ya chini, mahali pa kukodi kompyuta, ambapo nusu ya mji ilikuwa ikiingia na kutoka. Siku ya tatu mtu fulani, hadi leo sijui ni nani, aliingilia mtandao wao akaelekeza jina letu kwenye mashine yake, na humo akaweka ukurasa unaofanana na wetu. Kama seva yetu ingekuwa na cheti chake, onyo lingekuwa kitu kipya na wauguzi wangesimama. Ila walikuwa wamelizoea siku mbili. Rehema alikuwa zamu. Akabonyeza Endelea, akaandika jina lake na nywila yake, akaambiwa ajaribu tena, akajaribu, ukurasa wa kweli ukafunguka. Baada ya saa moja mtu huyo akaingia kwenye seva yetu ya kweli kwa jina la Rehema, akafungua orodha ya wanaotumia zile dawa, akaipiga picha. Kufikia Ijumaa picha ilikuwa kwenye simu za watu sokoni. Ilikuwa na majina kumi na manne.

Mmoja wao alikuwa mama wa mitumba aliyekuwa akikuwekea kaptura za shule. Alikuja kliniki na mtoto mgongoni na begi moja mkononi. Hakupiga kelele. Alisimama mapokezi akauliza, "Ni nani alinisema?" Mimi nilikuwa chini ya meza nikijifanya kukagua nyaya, na nilibaki huko nikishikilia waya ambao haukuwa na tatizo lolote mpaka niliposikia viatu vyake vikitoka. Baadaye nilisikia mumewe alimfukuza na amerudi kwao, Sirisia. Nimekwenda soko la Sirisia mara mbili kumtafuta. Mara zote mbili nilikuwa naomba moyoni nisimpate, na sikumpata.

Ijumaa ile ile daktari aliita mkutano wa Jumamosi kwenye chumba cha wagonjwa kungojea, baada ya kufunga. Aliniagiza nilete kumbukumbu za seva, yaani orodha ya nani aliingia na lini. Nilizichapisha nyumbani. Karatasi ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza ni saa. Ya pili ni jina la aliyeingia. Ya tatu ni anwani ya mashine aliyoitumia, na kwenye mstari ule mmoja anwani haikuwa ya kompyuta yetu yoyote. Ilikuwa ya mashine ya huko chini kwenye saiba. Mtu yeyote ambaye angeona safu hiyo angeuliza imekuwaje Rehema akae mapokezi huku akiingia kutoka kwingine, na kutoka hapo angefika kwenye onyo, na kutoka kwenye onyo angefika kwangu.

Nilisoma saa. Nilisoma jina. Safu ya tatu nilikuwa nimeikunja nyuma.

Rehema alisimama. Nakumbuka alikuwa bado na kofia ya kazi. "Mwalimu, si wewe ndio ulituambia tubonyeze? Mimi nilifuata tu vile ulisema."

Na mimi, mama yako, nikamjibu mbele ya watu wote, "Niliwaambia mbonyeze kwa ukurasa wetu. Sikusema mbonyeze kwa kila ukurasa."

Nilijua hakukuwa na njia ya yeye kutofautisha. Njia hiyo ilikuwa cheti, na cheti nilikuwa nimekifuta mara sita. Aliniangalia akingoja niongeze neno. Niliirudisha karatasi mkobani. Daktari alimwambia arudishe funguo za kabati la dawa siku hiyo hiyo, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshamaliza kesi: Rehema ameuza majina ya wagonjwa.

Kama unataka kujua kwa nini nilinyamaza, sina sababu ya maana ya kukupa. Nilijiambia ni kwa ajili yako, kwamba nikipoteza jina langu utasoma na nini. Watu waoga wakiwa na watoto hujificha nyuma yao, na wewe ulikuwa na umri mzuri wa mama kujificha nyuma yako. Hata kukuhamisha darasa la saba katikati ya muhula nilikudanganya. Nilisema nyanya yako ni mgonjwa, amelazwa hospitali ya Lugulu, lazima tuwe karibu. Nyanya alikuwa amelazwa kweli, siku tatu, akatoka akipalilia. Tulihama kwa sababu barabara ya kwenda chuoni ilipita mbele ya kliniki, na sikuweza tena kuipita. Ulilia kwa ajili ya timu yako ya mpira. Nilikukaripia kwamba una ubinafsi.

Sasa nikuambie la wiki iliyopita, kwa sababu ndilo lililonileta kwenye meza hii. Uliponiambia daktari amekuchukua na kwamba utahamisha kila kitu kutoka seva ya zamani, niliwaza zile kumbukumbu tu. Daktari aliniagiza tangu mwanzo nisifute kumbukumbu, na yeye ni mtu asiyetupa hata risiti. Wiki ile bado imo ndani ya mashine, na safu ya tatu imo. Wewe una tabia ya kusoma kila faili kabla ya kulihamisha. Ungeiona kabla ya mwezi kuisha, ukiwa peke yako kwenye chumba kile, na ungejua.

Unakumbuka Jumatano nilikuuliza kama wameshakupa nywila ya ile seva? Ulidhani nataka kukusaidia. Nilitaka kuingia nifute. Nilikuwa nimeshapanga hadi saa, utakapokuwa unaoga. Ukacheka ukasema, "Mathe, hiyo siwezi kukupa. Hata wewe. Si ni rekodi za watu?" Ukanibusu kichwani ukaenda zako. Hukujua umesema nini. Nilibaki nimesimama na kitambaa cha vyombo, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe nilikuogopa.

Sikulala vizuri kuanzia siku hiyo. Nilikuwa nikikutazama ukipanga nguo kwenye begi na kuwaza kwamba unakwenda kukalia kiti nilichokuachia mimi kwa uongo, na kwamba kila mtu pale atakaposema Mwalimu alitufanyia kazi nzuri, wewe utaitikia kwa shukrani. Hilo lilinitisha kuliko kuumbuka. Kwa hiyo leo asubuhi, ulipotoka kwenda kwa kinyozi, nikampigia daktari. Nilimweleza kila kitu, kuanzia saa ya kompyuta hadi mkunjo.

"Rehema anajua?" akauliza.

"Bado."

"Sasa unaniambia mimi ndio nifanye nini, Mwalimu? Enda kwa mwenyewe kwanza. Hata hii maneno ya kijana, wacha nisikie Rehema atasema nini. Akisema asikuje, mimi siwezi kumwita."

Basi hivyo ndivyo ilivyo, mwanangu. Kazi yako niliiweka mezani asubuhi ya leo bila kukuuliza. Begi lako limefungwa, suruali imeshonwa, kanisa limeomba, na mimi sijui kama kesho kuna mahali pa kwenda. Ukikasirika una haki, na usinihurumie haraka.

Saa sita nilikuwa Bumula. Nilijua siku nyingi kwamba Rehema ana duka dogo pale, sukari, sabuni, mafuta ya taa. Mwaka jana niliwahi kufika hadi mlangoni, akanisalimia kwa heshima, nikanunua vipande viwili vya sabuni nikarudi nyumbani. Leo alinisalimia vivyo hivyo. Akanivutia kreti ya soda nikae. Nilishindwa kuanza, kwa hiyo nikaitoa ile karatasi ya mkutano, ambayo nimeihifadhi miaka yote ndani ya Biblia ya baba yako, nikaifungua yote na kuiweka kwenye kaunta. Nikamweleza safu ya tatu ni ya nini.

Aliisoma akiwa amesimama. Akapima robo ya sukari kwa mteja, akamrudishia chenji, akarudi kwenye karatasi.

"Hii ulikuwa nayo ile siku?"

"Nilikuwa nayo."

"Na hapa umekunja. Ulikunja saa ngapi? Kabla uingie, ama ulipotuona?"

Nilitaka kusema ni mule ndani, kwa woga, kwa ghafla. Ingesaidia kidogo. Nikasema ukweli: niliikunja nyumbani, jioni ya kuamkia mkutano, kwenye meza hii hii ya jikoni, na wewe ukifanya kazi yako ya shule upande wa pili. Uliniuliza neno la Kiingereza na nikakujibu, na kidole changu kilikuwa kwenye mkunjo.

Rehema aliketi. "Mama yangu alikufa akijua niliuza majina ya watu," alisema. "Nilimwapia. Alisema ananiamini. Lakini nikiingia kwa chumba alikuwa anaficha simu yake chini ya mto."

Nilisema samahani, na neno lenyewe lilitoka dogo, likakaa pale kati ya sabuni na viberiti. Aliniuliza tu kama wewe unajua. Nikasema hujui.

"Unamtuma kwa ile kliniki na hajui," akasema. "Mwambie leo. Yote, hata kukunja. Halafu kesho akuje hapa kwangu kabla aende mahali popote. Nataka kuongea na yeye. Wewe usikuje, hata barabarani. Nikikuona sitafungua mlango."

Ile karatasi alibaki nayo. Aliikunjua vizuri kwa kiganja, akaiweka kwenye droo, akaanza kupanga mikate, nikaelewa kwamba nimeshaondoka.

Naogopa, Wekesa. Naogopa atakachokuambia, kwa sababu kuna mambo ya miaka saba ambayo sikumpa nafasi ya kunisimulia, nawe utayasikia yote kwa mkupuo. Naogopa akikataa usiende Kitale, utarudi na begi hapa mlangoni na tutatazamana. Naogopa zaidi akikubali, kwa sababu hapo utakwenda kukalia kiti kile ukijua, na utakuwa peke yako, na siku moja onyo litatokea na watu watakuangalia wewe. Nikikuombea kitu, ni kwamba siku hiyo usimfundishe mtu yeyote kulipita kwa sababu wewe unaona aibu. Mengine ya seva unayajua kuliko mimi.

Bumula imeipa mgongo Kitale, ni upande mwingine kabisa wa mji, kwa hiyo itabidi uondoke mapema. Saa moja na nusu anakuwa amefungua. Duka limepakwa kijani, mkabala na kinu cha kusaga. Piga hodi ungoje, hata kama mlango uko wazi. Mwambie jina lako lote. Msikilize mpaka amalize, na asipomaliza, mngoje.

Nasikia geti. Barua hii naiweka juu ya begi lako, nami nitakuwa chumbani. Ukitaka kunijia, mlango wa chumba sitaufunga, na usipotaka, chakula kiko kwenye sufuria.

Kesho Rehema akikuuliza mama yako ni mtu wa namna gani, mjibu unavyoona wewe, na usinitetee.

Mama